Mtoto wa Tano wa Kisanduku

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana huko mbele sitakupa nafasi. Haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona Nyakunguru kwa macho yangu, sijaonja hata tone la pombe, jua likiwa bado juu ya vilima. Kovu la kamba ninalo kwenye kiganja cha kulia. Ukinikuta njiani nitakuonyesha.

Mimi ni mtu wa Nyansurura, upande wa Serengeti, lakini sijakaa kwetu tangu nimalize kidato cha nne. Nimezunguka. Dhahabu ilipowaka Nyakunguru nilikwenda kama wenzangu, nikavunja mawe, nikaosha udongo, nikaondoka na kikohozi. Niliporudi miaka mingi baadaye nilikuwa fundi wa umeme wa jua na wa vidude vya ulinzi visivyotumia waya. Nikaukuta mlio wa karasha zinazosaga mawe ni uleule, na ng'ombe wanarudi jioni na vumbi lao lilelile, nikajikuta nimesimama njiani kuwatazama mpaka wakapita. Mtu anayezunguka sana huugua magonjwa ya namna hiyo.

Mama aliyeniita jina lake Bhoke. Alikuwa na nyumba ya bati, zizi la ng'ombe, na nyuma ya nyumba mashimo mawili ya dhahabu, ambayo wachimbaji huyaita maduara. Duara jipya lilikuwa na watu kazini. La zamani lilifunikwa kwa magogo na miiba, kwa sababu ndilo lililomfukia mumewe, Marwa. Walimtafuta. Kila walipochimba udongo ukashuka, mwisho wakaacha. Na huku mwanamume huzikwa kwenye mji wake mwenyewe, yaani bomani kwake, watu wakapaona mahali alipolala. Marwa hakuwa na mahali. Bhoke aliniambia hayo kabla sijafungua hata begi.

"Mimi hapa ningeshahama, fundi. Wezi wa ng'ombe, wezi wa mawe, vumbi. Lakini nahamaje mtu wangu yuko chini hajalala? Mpaka nimtoe."

Kwa kuwa hahami, alitaka ulinzi. Kazi yenyewe si ngumu, nikueleze kidogo. Kuna kisanduku kikuu kinachokaa ndani ya nyumba, na kuna vihisi vidogo vya betri unavyovifunga huku na huko. Mafundi tunakiita kisanduku mama, na vihisi tunaviita watoto. Mtoto akitikiswa anamwambia mama kwa mawimbi, naye mama anapeleka habari kwenye simu yako. Siku ya kwanza lazima uwatambulishe. Unambonyeza mama, taa yake inapepesa, na taa ikipepesa maana yake mlango uko wazi: anampokea yeyote anayebisha. Ukimaliza, unaufunga. Shika hilo neno.

Watoto wangu walikuwa wanne. Mlango wa nyumba, lango la zizi, ghala la mawe, na nguzo ya winchi kwenye duara jipya.

Mwita, mtoto wa pekee wa Bhoke, ndiye aliyenisaidia kupanda ngazi. Alikuwa mwanamume mzima, kifua kama mlango, na mdomo usiochoka. Kila alipopita mbele yangu alipiga saluti ya askari.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

Anazunguka nyumba, anarudi. "Shikamoo tena, fundi."

"Mura, kijana wewe, umeshanisalimia!"

"Wewe mtu wa Serengeti, kwenu mnalindwa na fisi, leo unatuletea kisanduku? Kinakula ugali hicho?"

Nilicheka. Ni nani asingecheka?

Basi mama, yaani kile kisanduku, akagoma. Siku ya kwanza hugoma. Nilimweka juu ya kabati, bati likala mawimbi, nikamshusha dirishani. Antena ilikuwa imelegea, nikaikaza. Mlango na zizi wakajitokeza kwenye kioo cha simu, ghala likafuata baada ya kubadilisha betri. Wa winchi hakuonekana kabisa. Nikamfungua, nikamleta ndani karibu na mama, nikachuchumaa mbele ya dirisha, nikabonyeza. Taa ikaanza kupepesa. Nikainamia simu nikingoja.

"Hodi hapa."

Sauti ya mwanamume, nyuma yangu, mlangoni. Sikugeuka. Sasa niambie, wewe uliyelelewa, hodi inaachwaje ikaning'inia? Nikajibu kama ulivyofundishwa wewe na mimi:

"Karibu. Karibu ndani."

"Asante. Nimechoka kungoja kule."

Kwa pembe ya jicho niliona miguu miwili peku, ina tope jeupe mpaka magotini. Nikajua ni mchimbaji ametoka zamu. Nilipoinua kichwa hapakuwa na mtu. Sakafuni palikuwa na nyayo za maji, mbili tu, zimeelekea ndani. Na kiangazi kile hata ndoo ya kunywea tulikuwa tunaifuata mbali.

Nikatazama simu. Wa winchi ameingia, lakini watoto ni watano.

Niamini, sikuogopa. Fundi haogopi namba, anaitafutia sababu. Nikafikiri ni kifaa cha jirani, lakini jirani hakuwa na hata taa. Nikamfuta, akarudi. Nikamzima mama na kumwasha upya, akarudi. Mwisho nikazunguka nikitoa betri za watoto wangu wote wanne. Kwenye kioo wakazimika mmoja mmoja. Wa tano akabaki peke yake, hana jina, anatikisika.

Nikamfunga mama kwenye betri ya mkononi, nikatoka naye nje nikisoma nguvu ya mawimbi. Kuelekea zizini ikashuka. Kuelekea duara jipya ikashuka. Nilipogeukia ile miiba, ikapanda mpaka ikajaa.

Bhoke na Mwita walikuwa wananifuata. Nilimwonyesha Bhoke kioo cha simu nikijaribu kueleza habari za hitilafu. Kila mtikisiko unachora mstari. Mmoja mrefu, kisha mifupi miwili. Kimya. Mmoja mrefu, mifupi miwili.

Bhoke akanishika mkono. Yeye ndiye aliyekuwa akishika kamba ya mumewe miaka ile. Aliye chini ya duara hapigi kelele, kelele hazifiki. Huvuta kamba, na kila mchimbaji ana namna yake na mshikaji wake wa kamba.

"Nivute," akasema Bhoke. "Ndivyo anavyosema. Huo ni mkono wa Marwa."

"Mama, hii ni mashine. Niache niizime."

"Ukiizima, fundi, nitakulaani mpaka kwenu Nyansurura."

Mwita hakutania tena. Aliondoa magogo kama anayeondoa mabua. Wakatupa kamba chini, imefungwa jiwe. Ilining'inia imelegea tukiitazama wote watatu. Halafu ikakazika. Ikavutwa: mara moja kwa nguvu, mara mbili kidogo.

Ungefanya nini? Najua utasema ungekimbia. Mimi nilishika kamba. Bhoke alikuwa nyuma yangu, na Mwita mbele, mdomoni pa duara. Tulivuta, na uzito ulikuwa wa mtu mzima, na ulipanda kwa mapigo, kama mtu anayejisaidia kwa miguu ukutani.

Kuna jambo wachimbaji hulifanya bila kufikiri. Anayefika mdomoni hupewa mkono, kwa sababu pale juu ndipo udongo humeguka. Hakuna anayeuliza ni nani, unainama unampa mkono.

Niliona vidole vyenye tope jeupe vikishika ukingo.

"Tata?" akasema Mwita, taratibu, kama mtoto anayemwamsha baba yake. Akainama, akatoa mkono.

Hakupiga kelele. Kamba ilichomoka mikononi mwangu ikiondoka na ngozi, na mdomoni pa duara hapakuwa na mtu tena.

Watu wa Nyakunguru wakaja na kamba na magogo ya kuegemezea. Na safari hii udongo haukushuka hata konzi moja. Walimkuta Mwita chini, shingo imevunjika, mkono wake wa kulia umeshikana na mifupa ya mkono mwingine, imara kama watu wanaosalimiana. Ilibidi waitoe miili yote miwili kwa pamoja.

Walizikwa mjini kwao, makaburi mawili kandokando. Bhoke hakulia mbele yetu. Aliponipa mkono wa kuagana alisema, "Nilitaka kaburi, fundi. Sikusema mangapi." Hakuhama. Hana sababu ya kuhama tena, wala ya kubaki.

Nilifikiri imeisha. Nikaenda Mugumu, mwenye duka mmoja wa vitambaa akaniita nimfungie vidude vilevile nyumbani kwake, mchana, watoto wake wakisoma vitabu vyao chumba cha pili. Nilichuchumaa mbele ya mama, nikabonyeza, taa ikaanza kupepesa. Nyuma yangu, mlangoni, sauti ya kijana mchangamfu ikasema:

"Shikamoo tena, fundi."

Kwenye kioo alikuwepo mmoja asiye na jina, anangoja kupokelewa.

Marahaba ilikuwa imeshafika kwenye ulimi. Niliuma ulimi mpaka damu ikatoka, nikang'oa waya wa umeme ukutani. Sikugeuka. Niliacha begi, niliacha na kazi ile, na sijaishika tena.

Siku hizi watu wananiita mwenye kiburi. Vijana wananiamkia kwa nyuma, nanyamaza, natembea. Ni mpaka mtu azunguke mbele yangu, nimwone uso, nimtazame miguu. Nawe fanya hivyo. Ukiona taa ya kisanduku chako inapepesa, umefungua mlango, na hujui ni nani amekuwa akingoja nje. Usijibu hodi, usijibu salamu, hata kama sauti ni ya mtu uliyempenda. Hasa kama ni ya mtu uliyempenda.

Nami nilimpenda yule kijana. Ndiyo maana sikai mahali. Kila mji nitakaolala, mapema au baadaye, ananisalimia, na kila mara inakuwa vigumu zaidi kutomjibu.