Jeli ya Kiganjani

Mpimaji wa moyo kwa ultrasound hampaki mgonjwa jeli ya baridi. Huimimina kwanza kiganjani, akaifumbata mpaka ipate joto, huku akimkemea anayesitasita: "Anayekwepa kipimo anawadhulumu watoto wake." Leo kitandani amelala mdogo wake wa kiume. Baba yao alianguka ghafla akafa, akiwa buheri wa afya, na daktari alishawaeleza kwamba protini za msuli wa moyo wake zilikuwa na kasoro ya kurithi, ambayo kila mtoto wake huenda anayo.

"Dada, mbona kimya? Wewe na mdomo wako huo!"

Mpimaji anaupima ukuta wa moyo kwa mara ya pili, kisha anamgeuzia skrini, maana hajapata kumficha mtu majibu yake. "Ukuta ni mnene, mdogo wangu. Kama wa baba."

Mdogo wake anafunga vifungo vya shati polepole. "Haya, zamu yako. Panda."

"Nina wagonjwa."

"Foleni imekwisha, dada. Na wanao je?"

Mdogo wake anatoka, anamwachia mlango wazi. Mpimaji anamimina jeli kiganjani, anaifumbata kama kawaida yake, inapata joto, inaanza kumchuruzika vidoleni, na kitanda bado kitupu.