Nyumba ya Miaka Hamsini

Kazi niliyoandikiwa kwenye mkataba ilikuwa kupokea simu. Kupokea simu tu! Kwa mwaka na ushei niliokaa katika ofisi ile ya Garhoud, Dubai, nilipokea simu, nilimchemshia sir, yaani bosi, chai ya maziwa, nilifuta vumbi vijumba vya plastiki vya maonyesho, na akija mteja yeyote wa Afrika Mashariki nilivutwa kutoka jikoni kwenda kumtafsiria. Sikuongezewa hata senti kwa huko kutafsiri. Lakini nisiwe mwongo, katika yote hiyo ndiyo kazi niliyoipenda, kwa sababu mdomo wangu hauna breki na pale niliruhusiwa kuutumia.

Sir wetu alikuwa Mhindi wa Kerala, mtu wa huruma na haraka kwa pamoja. Tulikuwa tunauza fleti. Miaka michache nyuma Dubai nzima ilikuwa na homa ya kununua, hata dereva wa teksi alikueleza mnara upi unapanda bei. Halafu homa ikashuka, winchi zikasimama juu ya majengo yaliyoishia katikati, wateja wakayeyuka. Sir akatuletea nchi mpya: Vietnam. Serikali ya kikomunisti, alisema, imefungua mlango kidogo kwa wageni, na mwenye kuwahi ndiye mwenye kupata. Akatundika ukutani picha ya ghorofa la Saigon kando ya mto, akanipa karatasi ya masharti niisome vizuri. Mimi nimekulia Tanga, shuleni tukiimbishwa ujamaa kila asubuhi, kwa hiyo neno ukomunisti halikunitisha. Kilichonitisha ni ile karatasi. Ilikuwa na masharti kumshinda mganga.

Wateja walikuja, wakasoma, wakaondoka. Wiki tatu hatukuuza hata kibaraza.

Asubuhi moja akaingia mama wa Kizanzibari kutoka mtaa wa Rashidiya, buibui safi, harufu ya udi ikimtangulia. Familia yake ilihamia Dubai mimi sijazaliwa, lakini Kiunguja chake kilikuwa kama ameshuka jana. Sir akanipungia mkono, yalla, njoo. Tukaamkiana, nikamvutia kiti.

"N'nataka nyumba Vietnam," akasema, kama anayeagiza kilo ya vitunguu.

Nikadhani sikusikia. Nikamuuliza kuna nini Vietnam.

"Kuna mwanangu! Nnaye mmoja tu. Alikuwa akifanya kazi kwenye mizigo hapo uwanja wa ndege, wakampeleka Saigon miezi sita. Miezi sita imekuwa miaka miwili. Kaoa hukohuko bila kuniuliza, na sasa yuko ukweni. Ukweni, mwanangu! Mwanamume mzima, ndevu kidevuni, akiamka asubuhi asubiri baba mkwe atoke chooni. Watu wa Rashidiya wakiniuliza anakaa wapi niwajibu nini miye?"

Nikabana kicheko. Nikamuuliza mkwewe ni mtu wa namna gani.

"Sina mkwe miye."

Akanieleza bila kuona haya. Tangu ile ndoa hajapata kuzungumza na binti yule. Kijana akipiga simu wanaongea vizuri, akisema tu "mama, ngoja nikupe mke wangu," mama anakata simu. "Ati kasilimu. Kusilimu kwa kikomunisti ndiko kupi huko?" Alichotaka ni fleti kwa jina lake mwenyewe, mwanawe akae kwake kwa heshima, na siku akimchoka huyo msichana awe na pa kubaki. Alikuwa amekwisha kupima yote kichwani. Mimi nilimsikiliza na moyo ukaniuma, si kwa ajili yake, kwa ajili ya yule binti.

Basi nikafungua karatasi. Sharti la kwanza: ardhi ni mali ya umma, mnunuzi anapata fleti tu. Wateja wengi walinyanyukia hapo hapo. Yeye hakutikisika.

"Kama mikarafuu," akasema. "Kwetu mtu ana miti yake katika shamba la mwenziwe. Mti wangu, ardhi yako, na maisha yanakwenda. Endelea."

Sharti la pili: miaka hamsini, basi.

"Miye nina sitini na tatu. Hamsini juu yake si milele hiyo? Endelea."

Sir alikuwa ananitazama kwa macho ya shukrani, kama mimi ndiye niliyeitunga hiyo mikarafuu. Nikafika sharti la tatu, na hapo sauti yangu ikapungua yenyewe. Mgeni wa kawaida haruhusiwi kununua. Aruhusiwaye, katika wachache, ni mgeni aliyeoa au kuolewa na mwenyeji, na cheti cha ndoa lazima kiambatanishwe.

"Rudia."

Nikarudia.

"Andika jina langu hivyo hivyo."

"Haiwezekani, bi mkubwa. Labda uolewe na Mvietnam."

Yarabi, mdomo huu! Sir hakuelewa Kiswahili lakini alielewa uso wangu. Mama akanikazia macho, kisha akacheka mpaka mtandio ukamwanguka begani. Kicheko kikakatika ghafla.

"Na mwanangu je? Yeye peke yake?"

"Yeye anapata kwa sababu ya mkewe. Bila mke hapati hata choo. Na mkewe lazima atie sahihi."

Akanyanyuka. "Khalas," akasema, akachukua mkoba wake akatoka bila kuaga. Sir akanigeukia: nimemwambia nini yule mama? Nikamjibu kwa hasira kwamba nimemwambia kilichoandikwa, akitaka uongo aajiri mwongo. Nikaenda jikoni nikakwangua sufuria ya chai kwa nguvu zangu zote. Nilijua nimekosa adabu kwa watu wazima wawili kwa asubuhi moja.

Siku ya nne akarudi. Hakuwa na udi siku hiyo, na uso ulikuwa umemnyauka. Nikampa maji, akashika gilasi bila kunywa.

"Nimewaza," akasema. "Nchi nzima ile imefungwa, na aliye na ruhusa ya kumfungulia mwanangu ni yule yule msichana niliyemfungia miye. Mungu ana mambo."

Safari hii breki ilishika.

"Sikukwambia kweli yote juzi. Mara ya mwisho mwanangu alisema, mama, ukimkata yeye umenikata na mimi. Nikakata. Leo siku ya arubaini hajanipigia, kama aliyekwisha kunizika. Nikipiga hapokei. Nyumba hii ilikuwa hila yangu tu ya kumrudisha." Machozi yakamtoka waziwazi, akayafuta kwa kiganja. "Namba ya ofisi yenu haijui. Pengine ataipokea."

Nilimwendea sir. Nilidhani ataanza habari za gharama za simu za nje, lakini alimchungulia mama yule kupitia kioo, akasema yalla, yalla, piga, akatufungia mlango. Mpaka leo namwombea dua kwa mlango ule.

Mkono wa simu ya mezani kwangu ulikuwa umepasuka, kwa hiyo tulizoea kutumia spika. Ikaita, ikaita, ikaita. Halafu sauti ya mwanamume, kwa Kiingereza, halo.

"Ni mimi," akasema mama. Akakimbilia biashara kama anayeogopa kukatwa. "Usikate. Nimepata nyumba hapo mlipo. Masharti yake mkeo atie sahihi."

Tukasikia pikipiki nyingi zikipita huko Saigon.

"Kwa hiyo sasa unamtaka," akasema kijana polepole. "Kwa sababu ya sahihi."

Nilimtazama mama. Midomo ilikuwa inamcheza. Nikasema moyoni, bi mkubwa, tafadhali, usijibu jeuri, nakuomba, hii ndiyo nafasi yako.

"Nyumba na aipate atakaye," akasema. "Niache nizungumze naye. Kama atakubali."

Kukawa na minong'ono ya lugha tusiyoijua, kiti kikaburuzwa, mtu akavuta pumzi karibu na simu. Kisha sauti nyembamba ya kike, ya mtu aliyefanya mazoezi, ikasema neno moja la Kiswahili kwa heshima zote:

"Marahaba."

Mimi nilijibana mdomo. Mkwe amuanze mama mkwe kwa marahaba! Nikamgeukia mama nione kama amechukia, nikamkuta ameduwaa, mkono kifuani.

"Kalisikia kwangu," akaninong'oneza. "Mwanangu akipiga, neno langu la kwanza ni hilo. Kumbe siku zote alikuwa kakaa pale pembeni, anasikiliza."

Miaka miwili. Binti wa watu akikaa kando ya simu asiyopewa, akiokota neno moja aweze siku moja kumsalimia mama wa mumewe.

"Sivyo," tulimsikia kijana akimsahihisha huko, sauti imemlainika, "hilo ni la mama, wewe unasema shi—"

"Nyamaza weye!" mama akamkatiza. "Mwache."

Akajisogeza mbele mpaka paji la uso likakaribia kugusa simu. Sijapata kulisikia neno lile likitoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo, si Tanga, si Dubai, wala sitarajii kulisikia tena.

"Shikamoo, mwanangu," akasema.