Madarasa Matatu ya Bi Ghaniya

Bi Ghaniya aliondoka Unguja na wazazi wake akiwa na miaka kumi na miwili. Alipofika Sur, pwani ya Omani, Kiarabu alichokijua kilikuwa cha sala tu. Akasoma, akaolewa na Hashil, akafundisha hesabu katika shule ya wasichana miaka ishirini na minane. Alipostaafu alisema hataki tena kusimama mbele ya darasa maisha yake.

Mwaka uleule nyumba ya jirani ilipangishwa kwa Wajapani. Mume alikuwa mhandisi wa gesi; mke aliitwa Bi Setsuko. Kila alasiri sauti ya nyuzi ilipenya ukutani, na Bi Ghaniya akadhani ni kanuni, ile ala ya taarab, kama aliyokuwa akipiga baba yake mtaa wa Malindi, Unguja. Siku ya nne hakuweza kuvumilia. Akachukua sahani ya visheti akaenda kupiga hodi.

Alikuta ubao mrefu kuliko yeye umelazwa juu ya zulia, una nyuzi kumi na tatu, kila uzi umeinuliwa na kidaraja chake.

"Koto," Bi Setsuko alisema, akamvisha kucha tatu za bandia kwenye vidole vya mkono wa kulia.

Alijifunza miaka sita, wakielewana kwa Kiingereza kibovu cha pande zote mbili. Mkataba wa mhandisi ulipokwisha, Bi Setsuko alimwachia koto mbili. "Ukizifungia chumbani zitakufa," alimwambia. "Tafuta watoto."

Mtoto wa kwanza alikuwa Khulood, mjukuu wa dada yake, msichana wa miaka kumi na mmoja. Baba yake aliuliza muziki wa Kijapani una faida gani kwa mtoto wa Kiomani. Bi Ghaniya alimjibu kwamba ni kazi ya mikono kama kufuma kofia, na humkalisha mtoto akatulia. Baba akakubali. Mwaka wa pili walikuwa wanane. Mwaka wa nne kina mama wa mji wa Ibra wakampa chumba. Kisha Badriya, muuguzi wa Nizwa, akaitoa majlisi yake, chumba cha kupokelea wageni, na Bi Setsuko na wenzake huko kwao wakakusanya koto kumi na moja kuukuu wakazituma kwa meli. Watoto walifika arubaini na watatu. Mwalimu alibaki mmoja.

Jumamosi Sur, Jumatatu Ibra, Alkhamisi Nizwa. Mwanzo Hashil alimwendesha. Macho yake yalipoingia ukungu, Bi Ghaniya akashika usukani mwenyewe. Kila alikofika aliinama juu ya koto moja baada ya nyingine, akisogeza vidaraja mpaka nyuzi zikubaliane, maana hewa kavu ya bara ilizivuruga kila wiki. Alipomaliza, mgongo haukunyooka, na darasa lilikuwa bado halijaanza.

Alkhamisi moja ya mwezi wa tatu, saa tano za mchana, alifika Sinaw, katikati ya njia ya Nizwa, macho yakijifumba. Aliegesha gari kwenye kivuli cha ukuta karibu na soko la mbuzi, afumbe macho dakika kumi. Aliamshwa na mzee wa Kibedui akigonga kioo. "Yumma, mama yangu, u mzima?" mzee aliuliza kwa Kiarabu. Adhana ya alasiri ilikuwa inalia. Simu ilionyesha amepigiwa mara kumi na saba.

Alifika kwa Badriya karibu na magharibi. Majlisi ilikuwa tupu.

"Nimepiga simu mpaka polisi, Bi Ghaniya," Badriya alisema. Alimkalisha, akampima presha, akatikisa kichwa. "Hii si presha ya mtu wa kuendesha gari masaa manne."

"Wasichana wako wapi?"

"Wamekwenda zao. Wawili wakilia. Kwa nini Khulood hashiki darasa hili?"

"Hajawa tayari."

"Anapiga miaka kumi na miwili sasa. Lini atakuwa tayari?"

Bi Ghaniya alijua kwamba Khulood hupiga koto mbio mbio, na mkono wake wa kushoto ni mvivu wa kubonyeza nyuzi. Alijua pia, ingawa hilo hakulisema, kwamba watoto humpenda Khulood kuliko wanavyompenda yeye.

Jumamosi alimzuia Khulood baada ya darasa.

"Mikono yako yanatetemeka, Bibi," msichana alisema.

"Inatetemeka," Bi Ghaniya alimsahihisha. "Utaweza kwenda Nizwa?"

Khulood alivua kucha za koto. "Miaka mitatu nimengoja uniulize. Nikaona huniamini, nikaacha kungoja."

"Nilikosea, mwanangu."

"Basi nitakwenda. Lakini nitafundisha nilivyo mimi."

"Fundisha."

Alkhamisi iliyofuata Khulood alimpelekea video. Wasichana walikuwa wakipiga wimbo wa Bi Setsuko, mbio mbio, nusu ya mibonyezo ya mkono wa kushoto haipo, lakini wanacheka. Bi Ghaniya aliandika ujumbe mrefu wa makosa. Akausoma, akaufuta. Akaandika: "Mashallah. Waambie wakae wima."

Kabla ya mwaka kwisha, Nizwa iliongeza wasichana tisa, na Khulood akamfundisha mwenzake mmoja kushika Ibra. Bi Ghaniya akabaki na Jumamosi yake ya Sur. Watu walimpongeza kwa shule kukua, naye alisema alhamdulillah, tena kwa moyo wote. Lakini uchovu haukumtoka. Alilala tangu adhuhuri mpaka alasiri, na akiamka mwili bado mzito kama hakulala.

Hashil alimwomba ampigie koto japo kidogo. "Kesho," alisema, na kesho yake akasema hivyo hivyo. Wiki ya tatu alikaa chini, akapiga dakika chache bila mtoto yeyote mbele yake wa kusahihishwa, kisha akavua kucha na kwenda kujinyoosha.