Muuza makufuli aliyewatuliza mbwa

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi. Mama mmoja anayeuza vitenge mtaa wa Quartier Asiatique alinipigia simu, akasema, "Muzee wa makufuli ametuacha. Alikuwa anafungua duka, moyo ukasimama." Alasiri ya siku hiyohiyo tulimzika. Wengi waliobeba jeneza walimjua kama mfanyabiashara, mjukuu wa Waarabu wa Oman, aliyeuza makufuli, misumari na bawaba katika duka alilorithi kwa baba yake. Mimi nilimjua kwa njia nyingine, na njia hiyo hainipi sifa.

Miaka kadhaa iliyopita, mbwa wa mtaani alimuuma mtoto wa jirani yangu huku Kanyosha. Nilikasirika, nikaandika katika safu hiihii kwamba mbwa wote wasio na wenyewe wategewe sumu. Wasomaji wengi walinipongeza. Siku mbili baadaye mzee mwembamba, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi, aliingia ofisini kwetu na gazeti kwapani, akauliza kwa upole kama ni mimi niliyeandika. Nikasema ndiyo, nikijiandaa kwa ugomvi.

"Apana, sikuje kugombana," alisema. "Mutoto alipata sindano?"

"Alipata, mzee. Anaendelea vizuri."

"Alhamdulillahi. Sasa, ndugu yangu, kuja Carama siku ya Mungu. Uone wale unataka kuua. Kama utaona ni lazima, utaandika tena. Mi sitakuuliza."

Jumapili nilikwenda, kwa udadisi zaidi kuliko kwa toba. Pembezoni mwa Carama, pale nyumba zinapoanza kuyaachia nafasi mashamba ya mihogo, alikuwa na kiwanja chenye ukuta wa matofali. Ndani mlikuwa na mbwa kumi na kitu, mmoja hana sikio, mwingine anachechemea, wote wametoka mikononi mwa watu waliowatesa. Jirani yake, mjane Mkristo, ndiye aliyewapikia ugali na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Nilishangaa kumkuta Mwislamu wa swala tano amezungukwa na mbwa. Alikuwa amevua kanzu na kuvaa ovaroli kuukuu, na mlangoni palikuwa na pipa la maji na sabuni. Nikamuuliza wenzake msikitini wanasemaje. "Wengine wanasema sana," alijibu. "Lakini nguo inaoshwa na maji, mikono vilevile. Roho mbaya nitaiosha na nini?"

Kwenye kona ya mbali alilala mbwa wa kahawia ambaye hakuinua hata kichwa. Alikuwa akilinda ghala moja mjini. Alifungwa kwa waya tangu utotoni, naye akakua, waya ukazama shingoni, na kila alipotulia alimwagiwa maji ya moto ili awe mkali. Waya ulipokatika alikimbia, mzee akamkuta mtaroni, na daktari wa mifugo akautoa ule uliobaki mwilini. Tangu hapo mzee alikaa kila alasiri chini karibu naye, amempa mgongo, hamtazami machoni, hamwiti, chakula kimewekwa kando. Wiki tatu mbwa hakusogea. Wiki ya nne alikula mzee akiwapo. Jumapili ile niliambiwa nami nikae vivyo hivyo. "Usimushike. Usimuite. Acha achague yeye mwenyewe." Nilikaa hadi miguu ikafa ganzi. Hatimaye nilisikia pumzi ya moto nyuma yangu, pua yenye ubaridi ikagusa kiwiko changu, ikaondoka. Sijui kueleza kwa nini machozi yalinitoka. Wiki iliyofuata niliandika kuyafuta niliyoyaandika, na safari hii aliyenipongeza ni mmoja tu.

Nilikuwapo pia siku mwenye ghala alipokuja kumdai mbwa wake, kamba mkononi. "Muzee, imbwa hii ni yangu. Kwangu wanaiba." Mzee hakubishana. Alifungua lango wazi, akasema, "Muite. Akikuja, enda naye." Wakati huo mbwa alikuwa ameanza kutikisa mkia kwa wageni. Aliposikia sauti ile alilala chini, akajikojolea, akatetemeka mwili mzima. Yule bwana akaita mara ya pili, kwa sauti ndogo zaidi. Kisha akalitazama kovu la shingoni kwa muda mrefu. "Mi nilifikiri ndiyo namna ya kuwafundisha," alisema. "Wengi tunafikiri hivyo," mzee alimjibu. "Kwako iko ingine?" "Iko moja." "Ilete, tuitoe waya." Kesho yake aliileta.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Mji wetu ni mji wa kuta ndefu, na nyuma ya kuta hizo tunafuga mbwa wenye njaa, tukidhani aliyepigwa sana ndiye atakayetulinda. Lakini sisi wenyewe tunajua hofu inavyomharibu mtu. Wapo miongoni mwetu, watu wazima, ambao mpaka leo wakisikia mlango umegongwa kwa nguvu hushtuka, kijiko kikawaponyoka. Hakuna anayesema hofu hiyo imewafanya kuwa walinzi bora. Mzee aliuza makufuli maisha yake yote, watu wakimletea hofu zao dukani kila siku, na huenda ndiyo sababu aliitambua haraka alipoiona kwa mnyama.

Baada ya mazishi yule mjane aliniuliza, "Sasa wale watabaki na nani?" Binti wa marehemu amekiacha kiwanja kwa ajili yao, daktari bado anakuja, na wauza nyama wawili wa sokoni wanatoa mifupa. Mimi huenda Jumamosi kufagia. Kuna jike mpya aliyevunjwa mbavu, bado hajakubali mtu amkaribie. Kumwumiza kiumbe ni kazi ya dakika moja. Kumrudishia imani huchukua alasiri nyingi ambazo hakuna anayekuona. Yeye alizitoa zake bila kutangaza. Makazi kama yale hayawezi kuishi kwa huruma tunayoisikia siku ya mazishi. Yanamtaka mtu atakayerudi kesho, na keshokutwa, hata kama mbwa bado ameugeuzia uso wake ukutani.