Gurudumu la Mgomba

Harufu ya mafuta ya taa hunirudisha kijijini kwetu Mghange hadi leo. Baba alifanya kazi kwenye shamba la mkonge huko tambarare, karibu na Voi, na mwisho wa mwezi mmoja alipanda kwetu milimani na kikapu ambamo chupa ya mafuta ilikuwa imevujia kitabu. Tulikinusa kabla hatujakifungua. Kilikuwa kitabu cha watoto, cha Kiingereza ambacho nyumbani hakuna aliyekijua, lakini picha zilijieleza zenyewe: watu wakibuni chungu, jembe, gurudumu.

Ukurasa wa gurudumu la maji ndio uliotuteka mimi na kaka yangu Mwakio. Tulikata kipande cha mgomba, tukakichomekea vibao pande zote, tukakiweka kwenye mfereji uliopita shambani. Kikagoma. Mwakio akasema maji hayana nguvu, basi tukayaziba kwa mawe na matope hadi yakajaa na kuanguka pembeni. Hapo gurudumu likazunguka, nasi tukacheka mpaka tukakaa chini.

Tatizo ni kwamba maji yale sasa yalimwagikia migomba yetu, na siku hiyo zamu ya kupata maji ya mfereji ilikuwa ya Mama Righa, jirani wa chini, aliyekuwa ametoka tu kupanda miche ya kabichi. Alikwea kuja kwetu akiufuata mfereji mkavu, jembe begani. Hakuwa mtu wa mchezo.

Akauliza ni nani aliyefunga maji yake. Mwakio alimwonyesha kitabu. Mama Righa alifuta mikono kwenye leso, akaitazama picha kwa muda mrefu, kisha akaligeukia gurudumu.

"Na hili linafanya kazi gani?"

"Linazunguka tu, mama," nikamjibu.

Alichuchumaa, akaliangalia. Kisha akainuka na kuanza kuchimba. Aliusogeza ukuta wetu, akachonga njia mpya, hata maji yakawa yanaanguka juu ya vibao na kurudi mferejini.

"Liacheni lizunguke," akasema. "Lakini maji yafike kwangu."

Miaka mingi baadaye mama yangu alinisimulia kwamba siku ile Mama Righa alipitia nyumbani kwetu kwanza, akaapa kuuvunjavunja upuuzi wetu na kutuchapa. Mama aliendelea kuambua maharagwe, kwa kuwa naye aliona tumestahili.

Utotoni niliamini kwamba waliobuni gurudumu lile ni mimi na Mwakio. Kumbe tulikuwa watatu.