Redio iliyozimika katikati ya katuni ya Kijapani

Saa tisa alasiri. Jua la nje linachoma, lakini ndani ya ukumbi wa video mapazia mazito yameleta giza. Mwanamume wa miaka arobaini na saba amekaa kwenye stuli kando ya skrini, shingoni amejizungushia kitambaa cha pamba. Kwenye skrini, mwanamke mzee wa kuchorwa anashona mwavuli. Mvua inanyesha. Dakika nne zimepita, mwanamume hajasema neno.

"Redio, washa basi!" anapaza sauti mteja mmoja.

Mwanamume anatabasamu, anagusa koo lake, anatikisa kichwa. Mteja anacheka peke yake, kisha anaona haya na kuinama.

Redio ni jina la kupachikwa. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu: kusoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha na kuyageuza Kiswahili papo hapo kwenye kipaza sauti. Jambazi alinguruma, bibi kizee alitetemeka, mtoto mchanga alilia, wote kwa koo moja. Filamu tatu kwa siku, siku sita kwa wiki.

"Watu hawakuuliza leo kuna filamu gani," anaandika kwenye daftari analotembea nalo siku hizi. "Waliuliza kama nipo."

Mkewe, mshonaji wa nguo, anasema hata nyumbani alikuwa hashikiki.

"Akila, anausimulia wali. Nikimwambia, baba, hata redio huzimwa watu wakalala, ananijibu kwa sauti ya polisi. Sasa imezimika, na nyumba imekuwa kama ya msiba."

Mwaka jana sauti ilianza kukwaruza. Akatafuna tangawizi, akanywa maji ya moto, akajipa moyo. Alipojikokota hadi hospitali, daktari aliona vivimbe viwili kwenye nyuzi za sauti. Alitakiwa kunyamaza miezi mitatu, asinong'one hata kidogo. Akikaidi, sauti ingeondoka moja kwa moja.

"Nikamwambia, daktari, mimi nikinyamaza watoto wangu watakula nini?" anaandika.

Mwenye ukumbi, mama wa makamo anayeitwa Bosi Mama, alidhani amepata njia ya katikati. "Nilimwambia, mdogo wangu, kama huwezi kunyamaza kabisa, basi tafuta filamu yenye maneno machache."

Redio akaipata: katuni ya Kijapani ya saa mbili na dakika kumi. Alihesabu maneno yote, hayakufika dakika ishirini. Ni kisa cha mjane anayetengeneza miavuli. Siku moja mteja anamwachia mwavuli mweusi na hapiti tena kuuchukua. Mjane anamsubiri misimu minne. Basi.

Redio aliitazama mara tano nyumbani, mdomo umefungwa. Kurasa tatu za daftari lake zinaisifu.

"Angalia mikono yake," ameandika. "Anatunga uzi kwenye sindano, anakosa. Anakosa tena. Mara ya tatu nikalia. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyepigwa, uzi tu. Na mvua ya kila msimu imechorwa kivyake. Mvua ya baridi unaisikia mgongoni."

Ukurasa wa nne hauna huruma.

"Katikati inalala usingizi wa pono. Kuna safari ya treni ya dakika kumi na moja, haimfikishi mtu popote. Binti wa yule mama anakuja, wanagombana, anaondoka, wala hatuambiwi kisa. Na mwenye mwavuli haji. Nadhani aliyeitunga aliogopa kumaliza."

Bosi Mama ana hukumu fupi zaidi. "Ile si filamu, ni dirisha. Na dirisha ninalo kwangu."

Siku ya kwanza viti sitini vilijaa kwa sababu ya jina la Redio. Nusu saa haikuisha, miluzi ikaanza.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu!" mmoja akapiga kelele. "Mshindo wenyewe uko wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Waliobaki hadi mwisho walikuwa tisa.

Siku ya pili walikuja thelathini, wakabaki watano. Mmoja wao, muuguzi mstaafu, alikawia kuinuka taa zilipowashwa. "Mwanangu," alimwambia Redio, "miaka yote nakuja hapa, leo ndiyo nimepumzika."

Siku ya tatu Bosi Mama alisimama mlangoni akitazama migongo ya wanaotoka. Ilipofika ile safari ya treni, safu nzima ilisimama. Na Redio akafungua mdomo.

Alianza polepole. Akampa mjane mawazo. Akamtungia binti sababu ya ugomvi. Treni akaitilia kondakta mlevi asiyejua stesheni ziliko. Waliosimama wakakaa. Waliofika mlangoni wakarudi, wengine wakiwavuta wenzao mashati. Alizungumza dakika arobaini bila kumeza mate.

Mwishoni, mjane anaufungua ule mwavuli mweusi na kutoka nao mvuani, peke yake. Filamu yenyewe haisemi kitu hapo. Redio hakuvumilia. Akamleta mwenye mwavuli kwa nguvu za koo: "Mama, nime..."

Neno likakatika. Akajaribu tena, ikatoka pumzi tupu. Watu walidhani ni mzaha, wakapiga makofi.

"Niliiharibu filamu na koo kwa mkupuo mmoja," anaandika. "Muuguzi alikuwemo. Hakupiga makofi."

Sasa ni mwezi wa tano tangu siku ile. Amepasuliwa. Daktari hakumficha: sauti ya kazi haitarudi, ya kuzungumzia huenda ikarudi, huenda isirudi. Bosi Mama ameupangisha ukumbi kwa muuza vigae, ila amemwachia Jumatano za mwezi huu aonyeshe anachotaka. Leo wamekuja wanne. Treni inapoanza safari, wawili wanatoka. Redio anawasogezea pazia wapite.

Linalomkosesha usingizi ni simu ya Jumapili. Mama yake, mwenye miaka themanini na mmoja, anaishi mwendo wa siku mbili kwa basi. Macho yake hayaoni tena, hivyo ujumbe wa maandishi haumfai. Hajaambiwa. Kila wiki mkwewe humdanganya kwamba mwanawe yuko kazini.

Jumapili iliyopita Redio aliipokea mwenyewe. "Haloo? Haloo? We mtoto, mbona nasikia pumzi tu? Ah, mtandao huu!" Simu ikakatwa. Mkewe anasema hakugusa chakula siku ile wala iliyofuata.

Baada ya wiki sita daktari atamruhusu kujaribu kutamka. Haombi kurudi kwenye kipaza sauti. Anataka imtoshe "Shikamoo, mama", hata kama itatoka kama ya chura. Isipotoka, atapanda basi, akapige magoti mbele yake, aishike mikono ya mama na kuiweka shingoni mwake mwenyewe, penye kovu.

"Atanitambua kwa kunishika," anaandika. Kisha anaongeza: "Lakini akilia, nitambembeleza kwa sauti gani?"