Pweza Kwenye Friji ya Vipimo

"Mlete tena wiki ijayo, tumkate tena kidogo tu," alisema tabibu wa kituo chetu cha afya, huku anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti.

Kidogo tu! Binti yangu alikuwa na miaka sita, kakaa mapajani kwangu, na aliposikia neno kukata alijikojolea. Mkojo ulinishukia kwenye kanga hadi miguuni. Uvumilivu wangu, ambao hata siku za kawaida si mwingi, uliishia hapo hapo. Nilimweka mtoto kwenye benchi, nikampita tabibu na meza yake, nikaingia chumba cha vipimo na kufungua friji mwenyewe.

Nilimkuta pweza.

Pweza wa haja, kalala rafu ya juu peke yake kama mgonjwa wa daraja la kwanza. Chini yake kulikuwa na vibua kwenye mfuko wa rambo na jagi la juisi ya ukwaju. Kichupa chenye ngozi ya mwanangu kilikuwa dirishani, kinapigwa jua, pembeni ya kipande cha sabuni ya mche.

"Si ulisema umeme ulikatika, ndiyo maana kimeharibika?" nilimuuliza.

"Ulikatika, mama."

"Ulikatikia wapi? Mimi naishi Chuno hapo, feni imezunguka wiki nzima. Na huyu pweza mbona kaganda kama jiwe?"

Akamtazama pweza kana kwamba ndiye atakayejibu.

Ilikuwa ile miaka ambayo gesi ya Mnazi Bay ilikuwa imeanza kutuwashia taa, na kisingizio cha umeme kilikuwa kinaanza kuisha nguvu. Wakubwa walikuwa hawajazoea.

Mwanangu alianza na mabaka kwenye viwiko na magoti, mekundu, yenye magamba meupe, kisha yakapanda hadi nyuma ya masikio. Mtwara kila kipele ni korosho, maana mafuta ya ganda lake huunguza ngozi. Nilikokwenda kote niliulizwa, "Amebangua korosho?" Nikasema habangui, anaogopa moshi wake. Wakaandika korosho. Msimu wa korosho ulipopita wakaandika fangasi, fangasi ilipokataa dawa wakaandika pumu ya ngozi. Mama mkwe wangu akaona hao wote wanacheza. Akachukua salfa ya kupulizia mikorosho, akaichanganya na mafuta ya nazi, akampaka mjukuu mwili mzima. Mikorosho yake ilizaa sana mwaka ule. Mtoto alinuka kama kiberiti na mabaka yakabaki pale pale.

Yote hayo ningeyavumilia. Kilichoniuma ni shule. Mwalimu wa darasa la kwanza alimrudisha nyumbani na daftari lake jipya, eti wazazi wenzangu wanasema ni ukoma. "Mama, mimi sisemi ni ukoma," aliniambia, "lakini niletee karatasi ya daktari inayosema ni nini." Basi karatasi hiyo ndiyo ikawa mlango wa shule. Wenzake walijifunza a, e, i, o, u. Yeye alikaa kibarazani anabandua magamba.

Ndipo akaja daktari wa ngozi kutoka Dar es Salaam, kwenye ziara ya siku chache. Huyu nilimpenda kwa sababu alikaa chini, tena sakafuni, ili amwone mtoto magoti. Akaniambia inaweza kuwa pumu ya ngozi, inaweza kuwa soriasisi, na kwa mwanangu zimefanana kiasi kwamba hata kwenye hadubini huenda zisimpe jibu. Zote mbili haziambukizi. Lakini dawa zake haziendi njia moja: vidonge vya soriasisi ni vikali, vinaweza kuumiza ini, na hatampa mtoto vidonge hivyo kwa kubahatisha.

"Sasa utajuaje?" nikamuuliza.

"Ngozi inapovimba, chembe zake zinatoa amri," alisema. "Ugonjwa huu una amri zake, na ule una zake. Kuna kipimo kipya, bado kinafanyiwa utafiti, kinasoma amri hizo. Nachukua kipande kidogo, tunakipeleka maabara. Ila amri zenyewe zinaoza haraka kuliko dagaa. Kipande kikae kwenye baridi mpaka gari letu litakapokipitia."

Nilisoma hadi kidato cha nne, baiolojia nilipata D, lakini hilo nililielewa. Hata muuza samaki wa Mikindani angelielewa. Nikamshika mtoto mikono, akatobolewa pajani, pale baka la goti lilipopandia, akapiga kelele zilizosikika sokoni. Kichupa kikaingia kwenye friji kwa macho yangu.

Kilitokaje? Kwetu mtu akitibiwa vizuri hapeleki kadi ya shukrani, anapeleka kitoweo. Na kukikataa ni kumtukana aliyeleta. Kwa hiyo friji ile ilijaa shukrani za watu, na kila shukrani mpya ilipofika, kitu kilisogezwa. Jioni ile nilipofungua friji nilimuuliza tabibu alikompata pweza, akanitajia kwa furaha kabisa, kama mtu aliyeokolewa: "Kaleta bibi yake mtoto wako."

Nilikwenda kwa mama mkwe moja kwa moja, mkojo wa mtoto umekaukia kwenye kanga.

"Mama, ulipeleka pweza kituoni?"

"Nilipeleka, mwanangu. Mkubwa! Ili wamwangalie mjukuu wangu vizuri."

Nikamweleza. Akavua mtandio na kujifuta nao uso.

"Mimi nilidhani pweza anakwenda jikoni kwa daktari," akasema. "Friji ya hospitali kazi yake samaki?"

"Nakwenda kuwaandikia malalamiko. Usinizuie."

"Nikuzuie nini? Andika. Na andika pweza ni wangu, wasije wakasema wamenunua."

Mume wangu alisema tuwe wapole, kesho tutawahitaji. Nikamwambia upole wake akakatwe nao paja yeye. Asubuhi nikampelekea mganga mfawidhi wa kituo karatasi hii, nikasubiri mpaka akaigonga muhuri mbele yangu:

"YAH: MALALAMIKO JUU YA NGOZI YA MWANANGU KUTOLEWA KWENYE FRIJI. Kichupa chenye ngozi ya binti yangu kilitolewa kwenye baridi ili apate nafasi pweza, kikaharibika, kisha nikadanganywa kuwa umeme ulikatika. Mwanangu anafukuzwa shule kwa kukosa jibu la kipimo hicho. Naomba: kwanza, leo hii niandikiwe karatasi ya shule kwamba ugonjwa wake, uwe huu au ule, hauambukizi, kama alivyosema daktari wa ngozi. Pili, asikatwe tena mpaka gari la barafu liwe limesimama mlangoni, na mimi nikibebe kichupa hadi garini kwa mkono wangu. Tatu, friji ya vipimo iwe ya vipimo. Mimi simdai mtu pweza. Mama mkwe wangu anamdai, na yuko nje kwenye benchi, anasubiri."